Biti ipi kwa mbao ipi: ulinganisho kwa karakana za CNC za Mtwara na Lindi

Katika karakana ninayofanyia kazi mjini Mtwara, ruta ya CNC (mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta) hupewa kazi za aina tatu ambazo hazifanani hata kidogo: milango na fremu za mninga na mkongo, makabati ya jikoni ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) na mbao za melamini (zilizofunikwa tabaka gumu la plastiki), na mara mojamoja nakshi za mpingo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kazi zote hizo tulizifanya kwa biti (vikatio vinavyozungushwa na mashine) za aina moja, zile za milimita 6 zenye meno mawili ambazo hazikosekani kwa muuzaji yeyote, na kila tulipoona ukingo umechanika au mbao imeungua tulilaumu mbao kwanza, kisha mashine, kisha umeme. Biti haikulaumiwa mpaka ilipokatika.

Kukatika kwa biti huku kwetu ni jambo zito kuliko kwa fundi wa Dar es Salaam, ambaye anaweza kwenda Kariakoo na kurudi kabla gundi haijakauka. Sisi tuko zaidi ya kilomita 550 kutoka huko, na barabara tunayoitegemea ni moja. Ilipokatika eneo la Somanga wilayani Kilwa mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, biti tulizoagiza zilibaki upande wa pili wa maji nasi tukabaki na mbao na mashine isiyo na meno. Kwa hiyo ulinganisho huu hauulizi tu ni biti ipi inayokata vizuri siku ya kwanza, bali ni ipi ambayo bado itakuwa inakata vizuri mwezi wa tatu. Nitaanza na jambo ambalo mafundi wengi huliweka mwisho, yaani namna ya kuilisha biti, kwa sababu nimeona biti ya bei ghali ikiuawa kwa siku moja na fundi mwenye huruma.

Kwenda taratibu au kwenda kwa tonge

Biti haikusudiwi kusugua mbao. Kila jino lake, katika kila mzunguko, linapaswa kumega kipande cha mbao na kuondoka nacho, na unene wa kipande hicho mimi nauita tonge, kwa kuwa sijapata neno linaloeleweka haraka zaidi kwa vijana wa karakana. Tonge hupatikana kwa kuchukua kasi ya mashine kusonga mbele, katika milimita kwa dakika, na kuigawa kwa mizunguko ya biti kwa dakika iliyozidishwa kwa idadi ya meno. Biti ya meno mawili inayozunguka mara 18,000 kwa dakika, mashine ikisonga milimita 3,600 kwa dakika, inamega tonge la milimita 0.1. Hilo ni tonge zuri kwa biti ya milimita 6 katika mninga.

Sasa tuwaweke mafundi wawili kando kwa kando. Wa kwanza anaiogopa biti yake isivunjike, hivyo anaacha mizunguko 18,000 palepale na kupunguza mwendo wa mashine mpaka milimita 900 kwa dakika. Tonge lake limeshuka hadi milimita 0.025, unene ambao jino halimegi tena bali linaparuza. Wa pili anakata kwa milimita 3,600. Ili kukata mita moja ya mbao, meno ya fundi wa pili yanagusa mbao mara 10,000, ilhali ya fundi wa kwanza yanaigusa mara 40,000, na kila mguso ni msuguano juu ya makali. Fundi wa kwanza ameichosha biti mara nne kwa mita ileile, na pengine jioni atajisifu kwamba anajua kutunza vifaa.

Tatizo la pili la tonge dogo ni joto. Tonge linapokatwa likiwa nene huondoka na sehemu kubwa ya joto lililozalishwa na ukataji, lakini likiwa unga joto hubaki kwenye biti, utomvu wa mbao hulainika na kuganda kwenye meno, na kuanzia hapo biti hukata kwa utomvu mgumu badala ya makali. Mstari mweusi ndani ya mfereji wa mninga hutokana na hali hii mara nyingi zaidi kuliko ubutu wa biti wenyewe. Ubutu huja baadaye, kama matokeo. Kipimo rahisi ni kutazama kinachodondoka chini: katika mbao halisi yanapaswa kuwa maranda madogo unayoweza kuyashika kwa vidole, si vumbi la kahawia. Kwa MDF kipimo hicho hakifai sana, kwa sababu hata tonge likiwa sahihi MDF hutoa punje laini; huko sikiliza sauti, kwani biti inayoparuza hulia kwa mlio mwembamba wa kudumu, na iguse baada ya mashine kuzimwa na kusimama kabisa. Ikiwa haishikiki kwa joto, haikuwa inakata.

Kwa kuanzia, biti ya milimita 6 hupewa tonge la kati ya milimita 0.10 na 0.15 katika mninga, 0.15 hadi 0.20 katika MDF, na kwa mpingo mimi sivuki 0.08. Biti ya milimita 3 ipewe karibu nusu ya hapo. Kina cha kila mpito (kila mara biti inapopita) katika mbao ngumu kiwe kati ya nusu ya kipenyo cha biti na kipenyo kizima. Namba hizi ni za kuanzia. Jaribu kwenye kipande cha pembeni, ongeza mwendo kidogo kidogo mpaka ukingo uanze kuharibika au mashine ianze kutetemeka, kisha rudi nyuma hatua moja.

Jino moja, mawili au matatu

Hapa ndipo kanuni ya tonge inapogeuka kuwa uamuzi wa kununua. Mashine kubwa yenye fremu ya chuma, inayoweza kusonga milimita 5,000 kwa dakika bila kutikisika, inanufaika na biti ya meno mawili au hata matatu, kwa sababu ina mwendo wa kutosha kulilisha kila jino. Mashine ndogo ya mezani, ambayo ikipita milimita 1,500 kwa dakika huanza kucheza, haiwezi kulilisha meno matatu. Itayashindisha njaa yote matatu yakiparuza. Hata hivyo wanunuzi wengi wa mashine ndogo huchagua meno mengi wakiamini kwamba yatatoa ukingo laini zaidi.

Hesabu inaonyesha tofauti. Kwa mashine inayosonga milimita 900 kwa dakika na spindeli (mota inayozungusha biti) iliyopunguzwa mpaka mizunguko 12,000, biti ya meno matatu inapata tonge la 0.025, ya meno mawili 0.0375, na ya jino moja 0.075. Ni ile ya jino moja pekee inayokata. Isitoshe, biti ya jino moja ina mfereji mpana wa kutolea maranda, jambo linaloisaidia katika plastiki na akriliki ya mabango, ambazo zikipata joto huyeyuka na kuifunga biti kama nta. Ubaya wake ni kwamba haina ulinganifu wa uzito kama ile ya meno mawili, na kwenye mizunguko ya juu sana mtikisiko wake huonekana ukutani mwa mfereji kama mawimbi madogo.

Kuna njia nyingine ya kuongeza tonge, yaani kupunguza mizunguko, nayo ni nzuri mpaka mahali fulani. Spindeli nyingi za kilowati 1.5 na 2.2 zimeundwa kufikia mizunguko 24,000, na nguvu zake hupungua kadiri unavyoshusha mizunguko; ukizishusha chini ya 8,000 hivi, huweza kusimama zikikutana na fundo la mkongo. Mimi hufanya kazi za mbao kati ya 12,000 na 18,000 na sioni sababu ya kwenda 24,000 isipokuwa kwa biti nyembamba za nakshi. Uamuzi wangu ni huu: kama mashine yako haiwezi kuvuka milimita 1,500 kwa dakika kwa uthabiti, nunua jino moja, kama inavuka 2,500, nunua meno mawili, meno matatu waachie wenye mashine za kiwandani, au uyatumie kwa mpito wa mwisho tu wa kulainisha.

HSS, kabaidi ya kuchomelewa, na kabaidi nzima

Biti za HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi) ndizo za bei ya chini, zina makali membamba zikiwa mpya, na hazivunjiki ovyo. Hupinda kidogo kabla ya kukatika, jambo linalomsaidia anayejifunza. Unaweza pia kuzinoa hapahapa. Lakini chuma hicho huanza kupoteza ugumu wake joto linapokaribia nyuzi 600 za Selsiasi, na ncha ya jino linaloparuza kwa mizunguko 18,000 hupata joto kali sana hata kama shina la biti linashikika. Katika mwembe au msonobari HSS inaweza kukupa kazi safi kwa bei ndogo. Katika MDF ni hasara tupu, kwa sababu gundi ya yurea na fomaldehaidi inayoshikilia nyuzi za MDF hulamba makali kama tupa, na mabadiliko huonekana kabla ubao wa pili haujaisha.

Kabaidi ya kuchomelewa ni biti yenye mwili wa chuma uliobandikwa vipande vya kabaidi (mchanganyiko mgumu sana wa tungsteni na kaboni) kwenye meno. Ni nzuri kwa biti pana, kama za kusawazisha mbao na za kutengeneza kona za mapambo ya mlango, ambapo kabaidi nzima ingegharimu fedha nyingi mno. Upande wake bapa unaweza kunolewa kwa jiwe dogo la almasi, ukiondoa kidogo sana na kwa idadi sawa ya misuguo kwa kila jino, nami nimeongeza maisha ya biti za namna hii mara mbili au tatu kwa njia hiyo. Udhaifu wake ni pale zilipochomelewa: joto kali la kuparuza, au kugonga msumari uliosahaulika ndani ya mbao ya zamani, huweza kung'oa kipande, na kipande kinachoruka kwa kasi hiyo hakichagui pa kwenda. Vaa miwani.

Kabaidi nzima ni ngumu kuliko zote, hustahimili joto na gundi, na kwa biti za msokoto ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila kazi. Inavunjika, ndiyo, kabaidi haipindi kama chuma, hivyo kuigonga na ubano au kuidondosha sakafuni huweza kuimega ncha. Kuinoa kunahitaji mashine maalumu ya kunolea, na kwa bei ya kusafirisha biti moja ndogo hadi penye mashine hiyo ni afadhali kununua nyingine. Pamoja na hayo, ukigawa bei yake kwa mita inazokata, kabaidi nzima ya ubora wa kati huishinda HSS katika kila mbao ninayoijua ya kusini, isipokuwa pale ambapo mashine yenyewe imelegea na biti itavunjika kabla ya kuchakaa. Mwenye mashine iliyolegea aitengeneze kwanza.

Neno moja kuhusu mbao zetu, kwa kuwa ndizo zinazoamua. Mninga ni mtiifu; hukatika vizuri na biti karibu yoyote iliyo kali. Mkongo ni mgumu zaidi, na nyuzi zake mara nyingi hupishana, hivyo ukingo mmoja hutoka safi na wa upande wa pili ukachanika katika mpito uleule. Mvule, mti ambao nyanda za juu za Rondo mkoani Lindi zilijulikana kwao, huweza kuficha ndani yake mawe madogo ya kalsiamu kaboneti yasiyoonekana kwa nje, na mtiki una silika. Zote mbili hula makali polepole hata kama ulishaji ni sahihi, kwa hiyo kuzikata kwa HSS ni kutafuta ubishi. Mpingo ni mzito kuliko maji na ukiutupa ndani yake unazama. Ukataji wake hufanana zaidi na wa shaba laini kuliko wa mbao: tonge dogo, mpito wa kina kidogo, na biti mpya.

Kupandisha, kushusha na kubana

Msokoto wa biti ndio unaoamua ni uso upi wa mbao utakaotoka safi, na hapa hakuna biti iliyo bora kwa kila kitu. Biti ya kupandisha huvuta maranda juu na kuyatoa mferejini, hivyo hukata kwa ubaridi na kudumu muda mrefu, lakini huinua nyuzi za uso wa juu na kuuacha ukingo wenye vibanzi. Pia huvuta mbao yenyewe juu, na kipande chembamba kisichobanwa vizuri kinaweza kuruka. Biti ya kushusha hufanya kinyume chake: hukandamiza nyuzi za juu, hutoa ukingo wa juu ulio safi kama wa kisu, na kuishikilia mbao mezani, ila husukuma maranda chini ya mfereji ambako hayana pa kutokea.

Hilo la mwisho si la kudharau. Niliwahi kuchonga tundu la kitasa, lenye kina cha milimita 20, katika mlango wa mkongo kwa biti ya kushusha, kwa kuwa nilitaka ukingo usioharibika. Maranda yalijibana, yakasagwa tena na tena, nami nikaanza kunusa harufu ya moshi nilipokuwa nimeinama kusoma skrini. Ndani ya tundu kulikuwa na kaa dogo jekundu. Kama kifyonza vumbi kingelinyonya, lingeingia kwenye vumbi kavu la wiki nzima. Tangu siku hiyo biti ya kushusha haiendi zaidi ya kipenyo chake katika tundu lililofungwa pande zote, na kina kinachobaki hukamilishwa na biti ya kupandisha.

Biti ya kubana huunganisha zote mbili: sehemu ya ncha hupandisha na sehemu ya juu hushusha, kwa hiyo nyuzi za juu na za chini zote zinasukumwa kuelekea katikati ya ubao. Kwa mbao za melamini na plaiwudi, ambazo uso wake au tabaka lake la juu hubanduka kwa urahisi pande zote mbili, hakuna inayoikaribia. Sharti lake ni moja na wengi hawalijui: mpito wa kwanza lazima uzame zaidi ya urefu wa ile sehemu ya ncha inayopandisha, ambayo kwa biti za milimita 6 huwa ni milimita kadhaa. Usipofanya hivyo, uso wa juu unakatwa na meno ya kupandisha pekee, nawe umelipia biti ya kubana ili kupata kazi ya biti ya kupandisha. Mashine ndogo isiyoweza kuzama milimita 6 au 8 katika ubao wa melamini wa milimita 18 kwa mpito mmoja haina faida na biti hii, hata ikipewa bure.

Kwa mwenye mashine ndogo kuna njia ya mzunguko ambayo mimi nimeitumia msimu mzima wa korosho, ule wa kuanzia Oktoba ambao wateja wa Newala na Tandahimba huja na fedha za mnada na kutaka makabati kabla ya Krismasi. Pita kwanza na biti ya kushusha kwa kina cha milimita 2 kuzunguka umbo lote, kisha badilisha biti na umalizie kwa ya kupandisha, huku ubao ukiwa umelala juu ya ubao mwingine wa kutupa ulio bapa kabisa ili uso wa chini uungwe mkono. Kingo zote mbili hutoka safi. Gharama yake ni kubadilisha biti na kupima upya urefu wake kwa kila ubao, na usipopima vizuri utapata ngazi ndogo ukutani mwa mfereji ambayo mteja ataigundua kwa kidole kabla ya kuiona kwa macho. Kwa ubao mmoja inavumilika. Kwa jiko zima, mwenye uwezo anunue biti ya kubana na mashine inayoiweza.

Biti za meno yaliyonyooka, zisizo na msokoto, haziinui wala hazikandamizi. Zinafaa kwa kazi za MDF zisizo na uso wa kulinda na kwa bajeti ndogo. Sina mengi ya kuzisema.

Kuhusu upande wa kwenda, kuna kusonga kinyume na mzunguko wa biti na kusonga pamoja nao. Kwa kwenda kinyume, mashine hupata ukinzani unaoituliza, lakini jino huanza na tonge la sifuri na kuongezeka, hivyo huparuza kidogo kila linapoingia na huweza kuchana nyuzi linapotoka. Kwa kwenda pamoja, jino huanza na tonge nene na kumaliza na jembamba, na katika mbao ngumu ukingo huwa safi zaidi, ila biti hutaka kukimbia mbele na mashine ya mikanda iliyolegea huvutwa nje ya mstari. Ninachofanya ni kuacha milimita 0.5 pembeni katika mipito yote ya kukata, kisha kupita mara moja kwa kina kizima nikienda pamoja na mzunguko. Mpito huo wa mwisho una kazi ndogo kiasi kwamba hata mashine dhaifu huumudu, na ndio unaoondoa vibanzi vya mkongo nilivyovitaja.

Biti nzuri katika koleti mbaya

Koleti ni kishikio kinachobana shina la biti kwenye spindeli. Ya saizi ya ER11 hushika mashina ya kuanzia milimita 1 hadi 7, na ER20 hufika 13. Zinachakaa kama biti zinavyochakaa, lakini watu huzitumia miaka. Tuseme koleti imelegea au ina vumbi lililoganda, na biti inayumba kwa milimita 0.05 tu, ikiwa tonge lako ni 0.05, jino moja linafanya kazi yote na la pili linapita hewani. Umenunua meno mawili na unatumia moja, tena kwa tonge mara mbili ya ulilopanga. Fungua koleti kila unapobadilisha biti, ifute ndani na nje kwa kitambaa na brashi, usiipake mafuta mahali inaposhika shina, na ibadilishe kabla hujailaumu spindeli.

Kisha tazama urefu wa biti unaotokeza. Kupinda kwa biti huongezeka kwa mchemraba wa urefu huo: biti inayotokeza milimita 40 hupinda mara nane ya ile inayotokeza 20 chini ya nguvu ileile. Kwa kipenyo tofauti ni kubwa zaidi, kwani biti ya milimita 6 ni imara mara 16 kuliko ya milimita 3 yenye urefu sawa. Kwa hiyo anayelinganisha biti ndefu na fupi zenye bei moja achukue fupi, hata kama ile ndefu inaonekana kumpa chuma kingi zaidi kwa fedha yake, na biti ya milimita 3 itumike tu pale ambapo kona ya umbo inailazimisha.

Kwa nakshi: pembe au mviringo

Mtu anayetaka kuiga nakshi za milango ya zamani ya Mikindani atakutana na uchaguzi kati ya biti ya umbo la V na biti nyembamba ya ncha ya mviringo inayopanuka kuelekea juu. Ya V huchonga mistari mikali, herufi na majani yenye mshipa kwa haraka sana, kwa sababu upana wa mstari hutokana na kina, na ncha yake hufikia kona ambazo biti ya duara haifiki. Lakini ncha hiyohiyo haina kasi: katikati kabisa ya biti mbao haikatwi, inasukumwa, na ndiyo sababu ncha za V hufa mapema kuliko ukingo wake. Ya mviringo ndiyo ya sura, maua yaliyoinuka na umbo lolote lililobinuka kama mgongo wa ng'ombe. Husogezwa pembeni kwa karibu asilimia 10 ya kipenyo cha ncha kwa kila mpito, hivyo kazi moja inaweza kuchukua saa kadhaa. Kwa mpingo, chonga kwanza kwa biti ya milimita 6 mpaka ibaki milimita 1, kisha ndipo uitumie ile nyembamba. Mpingo hukua kwa miongo mingi, na misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri) mwaka 2009 kwa kuuvuna kwa utaratibu. Kuharibu gogo kwa sababu ya kubana matumizi ya biti ni hesabu iliyopinduka.

Mwenye fedha ya biti tatu tu

Karakana inayotengeneza zaidi milango na fremu ninaishauri inunue kabaidi nzima ya kupandisha ya milimita 6 kwa kukata, kabaidi nzima ya kushusha ya milimita 6 kwa kingo na mifereji ya kina kidogo, na biti ya V ya nyuzi 60 au 90 kwa mapambo. Idadi ya meno ifuate kasi ya mashine kama ilivyoelezwa. Karakana ya makabati ya melamini yenye mashine imara iweke fedha nyingi kwenye biti mbili za kubana zilizo sawa, moja ikiwa ya akiba, na ya tatu iwe ya kupandisha. Kwa mashine ndogo ya mezani iliyonunuliwa kwa kujifunzia, biti mbili za jino moja za milimita 3.175 au 6, kulingana na koleti, na HSS chache za bei ndogo za kuvunja wakati wa kujifunza, zinatosha miezi sita ya mwanzo.

Agiza akiba kabla ya masika, si wakati wa masika. Na kwa kuwa upepo wa bahari hapa huleta chumvi mpaka ndani ya droo, zifute utomvu biti zikiwa bado za vuguvugu, zipake mafuta mepesi kwenye meno, na uzihifadhi zikiwa zimesimama kila moja katika tundu lake kwenye kipande cha ubao, maana kabaidi mbili zikigongana ndani ya kopo moja humegana makali hata kabla hazijagusa mbao.